Ndege ya Jumatano

Odilia mwanangu,

Salamu nimeziacha, maana hata saa tatu hazijapita tangu uniage hapo uani ukienda Mapera kwa Mama mdogo Bona, na kabla giza halijaingia utakuwa umerudi. Na habari za sweta, za dawa, za pilipili za Wahindi na za kutompa mtu yeyote pasipoti yako akushikie, hizo umeshaambiwa na kila mwanamke wa jumuiya yetu, wengine mara mbili. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika Mumbai. Mimi mwenyewe Dar nimefika mara mbili tu, zote kwa basi, na ndege naiona ikipita juu kama anavyoiona kuku. Kwa hiyo kuhusu safari sina la kukufundisha. Nina jambo moja la kukuambia, nalo nimelikalia miaka minne.

Wiki iliyopita tulikuwa tunakula, ukatoa simu yako ukaanza kunisomea. "Baba, sikiliza hii. Songea mpaka Dar ni saa moja na nusu tu. Dar mpaka Mumbai kilomita elfu nne na mia saba hivi, saa sita kasoro. Jumlisha! Saa saba na nusu hazifiki. Basi la kwenda Dar linakula saa kumi na sita. Yaani mimi wa Mumbai nitakuwa karibu na wewe kuliko mtu aliyeko Dar asiye na ndege!"

Ukacheka. Mimi nikaacha kula. Ukaniuliza kama ugali umepoa, nikasema ndiyo. Ugali ulikuwa wa moto.

Halafu ukaacha kucheka, ukaniwekea mkono begani. "Tuombe tu mawingu ya Songea yasije yakatufanyia tena yale ya mama," ukasema. "Pole, baba." Ulinipa pole. Mtoto wa miaka kumi na tisa ananipa mimi pole, na mimi naipokea, naitikia "asante mama" kama mtu mwenye haki yake. Usiku ule sikulala. Na juzi Bona akanipigia simu, jambo ambalo halifanyi, akaniambia kwamba mwezi wa tatu ulipopata barua ya ufadhili ulikaa nayo siku nne bila kujibu. Ulimwambia: "Ndege ya Songea si ya kutumainia. Baba akiugua nitashindwa kumfikia, kama yeye alivyoshindwa kumfikia mama."

Odilia, hakukuwa na mawingu.

Sentensi hiyo imeshaandikwa, na sasa nitakueleza yote. Usiruke mistari.

Unakumbuka mama yako alivyopelekwa Dar. Wewe ulikuwa kidato cha tatu, bweni kwa masista, na tulikubaliana tusikutoe shule kwa sababu daktari wa hapa alisema ni uvimbe wa kutolewa, wiki tatu amerudi. Bona alimsindikiza. Mimi nilibaki kwa kuwa ulikuwa mwezi wa saba, na mwezi wa saba hapa kwetu hauhitaji maelezo. Kahawa ilikuwa imeiva kwa mkupuo mmoja mwaka ule, shamba la juu na la bondeni siku zile zile, miti imeinama. Na unajua kahawa mbivu haina subira. Ukiichuma leo umenye leo. Ikilala kwenye gunia inachacha, na ikichacha hata ukiiosha kwa maji ya Yordani mnunuzi atainusa tu na kuitupa daraja la chini.

Tena ulikuwa mwaka wangu wa pili na ile mashine. Mashine ya kumenyea ya kwanza kwenye kilima chetu, ya kuzungusha kwa mkono, na kaya sita zilikuwa zinaleta mbivu zao hapa uani kwa zamu. Watu wazima walikuwa wananiita Mzee wa Mashine. Nilijifanya sitaki, kumbe nilikuwa nalipenda jina lile kuliko lile nililobatizwa. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba nikiondoka siku mbili watalegeza skrubu, watasaga punje, wataniharibia chombo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, mwanangu. Mke wangu yuko kitandani Dar, mimi nalinda skrubu.

Jumatatu jioni Bona akapiga. Hakunisalimu. "Shemeji, njoo."

"Kuna nini? Wamesemaje?"

"Usiniulize wamesemaje. Wewe njoo."

Bona hakuwa mtu wa kutia chumvi, na mimi nililijua hilo. Nikampigia binamu yangu Songea, yule wa stendi, akanitafutia nafasi kwenye ndege ya Jumatano. Ndege wakati ule ilikuwa haiji kila siku. Ilikuwepo ya Jumatano, halafu ya Ijumaa. Nilikata tiketi, Odilia. Jina langu liliandikwa. Nilifunga na mfuko, nikaweka shati la kanisani, mahindi mabichi ya kuchoma ambayo mama yako alikuwa akiyaulizia, na rozari yake aliyoisahau. Jumanne usiku mfuko ulikuwa mlangoni.

Jumatano alfajiri nikatoka kwenda kupanda gari la kwenda Songea. Nikapitia shamba la bondeni, si kwamba ndiyo njia, nilitaka tu kuangalia. Nikakuta miti myekundu kuanzia chini mpaka juu. Wachumaji kumi na moja walikuwa wameshaanza kufika na vikapu. Nikasimama pale kwenye umande nikafanya hesabu. Na hesabu yangu ilikuwa ile ile uliyonisomea wewe wiki iliyopita. Nilijiambia: ni saa moja na nusu tu. Ingekuwa basi, saa kumi na sita, ningekuwa nimeshaondoka jana. Lakini hii ni ndege. Nikimaliza kazi ya leo na kesho nikaosha, Ijumaa ninapanda, kabla jua la mchana halijawa kali niko kando ya kitanda chake. Saa moja na nusu, Odilia. Ni muda wa misa ya Pasaka yenye mahubiri marefu. Mtu gani atasema nimechelewa?

Nikampigia binamu. "Nihamishie Ijumaa." Akauliza, "Kaka, una hakika?" Nikamkaripia.

Nataka uelewe hapo, kwa sababu hapo ndipo palipo na kosa, na ni kosa ambalo wewe unaweza kulifanya ukiwa na akili zako zote. Mimi sikumwacha mama yako kwa sababu alikuwa mbali. Nilimwacha kwa sababu nilidhani yuko karibu.

Nikuambie alivyokuwa yeye. Mama yako, kama ujuavyo, alikuwa Mnyasa wa Mbamba Bay, mtu wa ziwani aliyepandishwa milimani akaletwa kwenye baridi kwa ajili yangu. Wewe ulikuwa na miezi saba, mgongoni. Ulikuwa mwezi wa tatu, mvua inanyesha kila siku, na ilikuwa zamu yetu ya ngokela, maana ndivyo tunavyolima ngoro, haya mashimo yetu ya kuzuia udongo, kwenye miteremko hii: leo watu wote kwako, kesho wote kwa mwenzako, na mwenye zamu anapika pombe. Watu ishirini walikuwa wameshafika na majembe, pombe iko tayari kwenye mapipa, akatokea mtu amelowa matope hadi kiunoni. Babu yako wa ziwani hali yake mbaya.

Mama yako akafunga kitenge, akakukaza mgongoni. "Nakwenda."

Nikamwambia, "Watu wameshafika, Mama Odilia. Pombe ipo. Angalau tumalize mteremko huu, tutoke kesho asubuhi."

Akanitazama kama mtu anayetazama mjinga. "Mbamba Bay ni mbali, Baba Odilia." Basi. Hakuongeza neno. Akashika njia, na mimi nikamfuata nikiona aibu mbele ya watu ishirini. Lami haikuwepo wakati ule. Tulipata lori, lori likazama kwenye matope, tukateremka kwa miguu usiku na wewe unalia, tukafika saa sita mchana wa kesho yake. Babu yako alikuwa bado anatambua watu. Alikunywa maji mkononi mwa binti yake, akakushika wewe kisigino, akafa jioni. Na mimi nilinuna wiki nzima kwa sababu ya ule mteremko.

Kwa kuwa kulikuwa mbali, aliondoka dakika ile ile. Miaka kumi na tano baadaye dunia ikawa imetufanyia wema, ikatusogezea kila kitu karibu, na mimi nikaugeuza wema ule kuwa ruhusa ya kukaa.

Turudi Jumatano. Tulichuma mpaka alasiri. Jioni mashine ikawa inazunguka hapa uani, watu watatu wanapokezana mpini, maganda yanaruka, mimi nimesimama nasimamia kama bwana shamba. Simu ikaita. Namba ya Bona, lakini sauti ya mama yako. Sauti ilikuwa ndogo.

"Baba Odilia. Umefika wapi?"

Alikuwa anajua ninakuja Jumatano. Bona alimwambia. Alikuwa amenisubiri tangu asubuhi.

Ningeweza kusema ukweli. Nimekaa miaka minne nikijaribu kuusema ule ukweli usiku kitandani, kwa sauti, na si mrefu: nimeona kahawa nikabaki, nisamehe, natoka sasa hivi. Maneno saba. Badala yake nikasema: "Niko Songea. Ndege imeshindwa kutua. Mawingu."

Nyuma yangu mashine inazunguka. Sikufikiri hata kusogea pembeni, Odilia! Mtu anayedanganya kwa akili angeenda nyuma ya nyumba. Mimi nilisimama hatua tatu kutoka kwenye mashine, yule mwanamke ameizungusha msimu mzima uliopita kwa mikono yake mwenyewe, anaujua mlio wake kuliko anavyonijua mimi, na nikamwambia niko uwanja wa ndege.

Halafu akasema, taratibu, bila hasira hata kidogo: "Mashine inalia. Ipakeni mafuta."

Bona akachukua simu. Sikusikia neno jingine. Nadhani mama yako alimwashiria aikate.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho mama yako aliyoniambia duniani. Wewe nilikuambia kwamba alisema tukulee vizuri na usome. Niliyatunga. Hakusema hivyo, ingawa naamini angesema kama angempata mtu wa kumwambia.

Unaweza kuuliza kama niliondoka usiku ule. Sikuondoka. Nilikaa kwenye gogo nikisubiri kumenya kuishe, kisha nikaipaka mafuta mashine. Ndiyo. Nilitafuta kopo, nikaipaka mafuta, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa. Nilijisemea Ijumaa nitamweleza ana kwa ana, atanitukana, atacheka, mambo yataisha. Alhamisi kabla ya mapambazuko Bona akapiga tena, na safari hii alinisalimu, nikajua.

Ijumaa ndege ilitua Songea na kuruka, na kiti changu kikiwa wazi. Hapakuwa na haja tena, maana mwili ulikuwa umeshaanza safari kwa gari, Iringa, Makambako, Njombe, Songea. Mimi na wanaume wengine tulikwenda kuusubiri Kitai barabarani. Ile safari niliyoikataa, mama yako aliifanya yeye, amelala, saa kumi na sita. Gari lilipopunguza mwendo, Bona akiwa mbele karibu na dereva, alinitazama kupitia kioo. Nilidhani atashuka anipige. Hakushuka.

Wewe uliletwa na sista mmoja Jumamosi asubuhi, bado una sare ya shule. Ulipita katikati ya watu wote, ukaja moja kwa moja kwangu. "Baba, ulimwona?" Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeshazoea njia. "Mawingu, mwanangu. Ndege ilishindwa kutua." Ukanikumbatia. Watu waliokuwa karibu wakasikia, wakatikisa vichwa, wakasema mapenzi ya Mungu. Kufikia jioni mji mzima ulikuwa unayasema yale mawingu, na katekista aliyataja kaburini. Nikawa mgane aliyeonewa na hali ya hewa. Walinihurumia sana, waliniletea mpaka kuni.

Sasa unajua kwa nini Mama mdogo wako hali kwetu. Amekuambia ana vidonda vya tumbo. Bona hana vidonda vya tumbo. Anakula pilipili na dagaa wa kukaanga kwa mafuta mengi kila siku ya Mungu. Anakuja hapa, anakaa, anakuletea samaki wa ziwani, anaondoka hajagusa hata maji. Kwetu unajua maana yake mtu kukataa chakula nyumbani kwako. Yeye ndiye aliyeshika simu sikioni mwa dada yake, aliisikia mashine kama alivyoisikia mama yako. Mwaka wa kwanza nilimwomba kwa aibu asikuambie. Akanijibu: "Mimi sitamwambia. Si mzigo wangu, ubebe mwenyewe." Miaka minne hajavunja neno lake. Juzi alipopiga, mwishoni akauliza tu, "Utamwacha aende hivyo?" Akakata.

Nilikwenda kitubio. Nilimwambia padri yote, akaniondolea dhambi, akanipa sala za malipizi, nikazisali zote na za ziada. Haikusaidia, na siwezi kumlaumu padri. Si yeye niliyemdanganya.

Utataka kujua kwa nini. Nimeshakuambia kahawa, nimeshakuambia mashine, na hayo yote ni kweli. Lakini kuna la chini yake, nalo ndilo linalonitia haya zaidi. Niliogopa. Sauti ya Bona ile Jumatatu ilinieleza nitakachokikuta kule, na sikutaka kukikuta. Mtu mwoga akikosa kisingizio ataonekana mwoga. Mimi nilikuwa na kisingizio chekundu, kimejaa shamba zima, chenye heshima mbele ya watu. Nani atamcheka mkulima kwa kuchuma kahawa yake? Ule umbali mfupi ukanisaidia kujificha. Mficha maradhi, kifo humuumbua, husema watu. Mimi mwenzako nilificha woga, na kifo cha mtu mwingine ndicho kilichoniumbua.

Wosia sikupi. Ningekuwa na haki gani? Ila hesabu yako ile ya kwenye simu imeniuma, na lazima niseme neno juu yake.

Zile saa saba na nusu ni saa za ndege. Ndege haina shamba, haina mtihani, haina bosi, haina uvivu, haiogopi wodi ya wagonjwa. Wewe utakuwa na vyote hivyo. Nitakapougua, na nitaugua, maana miaka hamsini na sita si mchezo, utakuwa na mtihani wiki ijayo. Utasema, ni saa saba na nusu tu, nimalize mtihani huu. Tena utakuwa na haki kuliko mimi, maana mtihani si kahawa. Hapo sitakulaumu. Ila usijiambie kwamba unakuja. Jiambie kwamba hujaja. Ni maneno mawili tofauti, na mimi niliishi siku nzima ndani ya lile la kwanza, nimetulia kabisa, nakunywa chai.

Hata hapa kwetu tulipaswa kujua. Mtu wa ng'ambo ya bonde unamwona anavyopuliza moto asubuhi. Unapaza sauti, "Mmeamkaje?" anakujibu. Unamsikia akikohoa. Lakini kumfikia ni kuteremka mpaka mtoni na kupanda tena, saa nzima, na goti lako likiwa bovu, saa na nusu. Wazee walikuwa wanajua kwamba kusikia sauti si kufika. Walikuwa wanateremka. Sisi tumepewa simu, tumepewa ndege, tukasahau kuteremka. Mimi hasa.

Na mimi nitakufanyia hivi: nikiwa mgonjwa nitakuambia mgonjwa. Sitakuambia ni mafua. Sitasema "usijali, soma tu." Nikitaka uje, nitasema njoo, na nisipotaka, nitasema usije, ili uamue juu ya neno la kweli. Hicho ndicho pekee ninachokuahidi, na kwa mtu kama mimi si kidogo.

Lakini ufadhili wako usiuache kwa sababu yangu. Ulikaribia kuuacha kwa kuogopa mawingu ambayo hayakuwepo. Uongo wangu ulikuwa umeshamnyima mama yako mume wake wa kweli saa zake za mwisho, na mwezi wa tatu ulikuwa karibu ukunyime na wewe masomo yako ya ufamasia, nami niko hapa hapa nyumbani, naona unavyokonda, nauliza kama una malaria.

Sasa kuna jambo la mwisho, na limenijia nikiwa naandika, saa hii hii.

Nilikuwa nimepanga vizuri. Barua hii niikunje, niitie ndani ya begi lako dogo, kwenye ule mfuko wa zipu, chini ya cheti cha chanjo. Nimekununulia na bahasha. Juu yake niandike: *Ifungue ukishapaa kutoka Dar.* Nikaona ni jambo zuri, la kibaba, kama wanavyofanya watu waliosoma. Ungeisoma juu ya bahari, umefunga mkanda, simu imezimwa. Saa sita kasoro huwezi kunijibu. Ungelia, ungenitukana, ungetulia, na ukifika Mumbai ungekuwa umechoka, kuna foleni ya uhamiaji, kuna mizigo, hasira imepungua makali. Na mimi huku ningekuwa salama, nachuma.

Unaona nilichokuwa nafanya? Nilikuwa naihesabu tena ndege. Nilishajificha nyuma ya saa moja na nusu, sasa nilikuwa naenda kujificha nyuma ya saa sita. Miaka minne ya majuto, na bado mkono ulikuwa unaandika bahasha bila mimi kuuagiza.

Bahasha nimeichana. Nimemtuma jirani awaambie wachumaji wa kesho wasije. Ukirudi kutoka kwa Bona nitakupa karatasi hizi mkononi, kabla ya kula, kabla hujavua hata viatu, nami nitakaa kwenye kiti cha mbele yako mpaka umalize. Sitatoka kwenda kuangalia kitu. Gari la Songea linapita saa kumi na mbili asubuhi. Kama ukitaka niende nawe mpaka uwanjani nitakwenda, na kama ukitaka ulale kwa Bona leo na usinione tena kabla ya safari, nitakubebea begi mpaka Mapera, nigeuze pale mlangoni kwake. Kama unataka kunipiga, piga. Ukisema hunisamehe, nitasikia kwa masikio yangu, kutoka kinywani mwako, na hakuna wingu wala saa ya ndege itakayokaa katikati yetu.

Umefika mwisho wa karatasi. Mimi niko hapa, ninakuangalia, na naogopa kama nilivyoogopa ile Jumatatu, ila leo sijakimbia.

Inua macho, Odilia. Sema.

Baba yako